Tulinunua jezi kabla ya nguzo

Julai 25, 2021, Simba na Yanga walipocheza fainali ya Kombe la Shirikisho hapa Kigoma, mimi nilikuwa juu ya mti nje ya Uwanja wa Lake Tanganyika. Tiketi niliikosa. Bao la kichwa la Taddeo Lwanga sikuliona. Niliona migongo ya watu ikiinuka upande mmoja na upande wa pili ukipoa ghafla, nikajua mambo yameisha. Simba 1, Yanga 0. Tulirudi Ujiji kwa miguu kwa sababu daladala zilijaa hadi milangoni, na njia nzima vijana wa mtaani kwetu walikuwa na wimbo mmoja: kama fainali kubwa namna hii imekuja mwisho wa reli, sisi tunangoja nini na timu yetu ya ndondo?

Timu tulikuwa nayo tangu tukiwa wadogo. Ilikuwa timu ya bonanza, ya kucheza kuku na mbuzi, haina karatasi wala daraja. Uwanja nao ulikuwepo: kipande cha ardhi kati ya nyumba, kinateremka kidogo kuelekea ziwani, kina mwembe mmoja mkubwa pembeni ambao ndio chumba cha kubadilishia nguo, jukwaa kuu na ofisi. Magoli yalikuwa ya miti ya mkaratusi. Hakuna mtu aliyewahi kuuliza uwanja ule ni wa nani, kwa sababu kila mtu alijua ni wa kwetu.

Septemba mwaka huo tukakaa chini ya mwembe, nikachaguliwa katibu. Sifa yangu ilikuwa moja tu, nina duka dogo la steshenari na mashine ya kopi. Kama unafikiria kuukubali ukatibu wa timu ya mtaa, jua hili mapema: karatasi, wino na nauli ya kufuatilia mihuri hutoka mfukoni mwako, na hakuna atakayekumbuka kuuliza. Mwaka wa kwanza niliacha kuandika nilipofika laki mbili na elfu arobaini. Niliona kuendelea kuandika kutaniharibia ndoa.

Michango ya mwanzo ilifika shilingi 680,000. Nataka niseme zilikokwenda bila kuficha, maana kila kitu kilichofuata kimeanzia hapo. Jezi pea mbili, 360,000. Mipira mitatu, 120,000. Halafu kuna 150,000 ambayo kwenye daftari niliiandika "ufundi". Mpenzi wa soka wa nchi hii hahitaji kuelezwa kamati ya ufundi inafanya kazi gani. Mzee mmoja alitoka ng'ambo ya mji, akazunguka uwanja usiku, akafukia anachokijua mwenyewe nyuma ya goli la juu, akaondoka na hela yetu. Iliyobaki ikaisha kwa maji na nauli. Wiki hiyohiyo fundi wa kuchomelea alikuwa ameshatupigia hesabu ya nguzo za chuma kwa magoli yote mawili, pamoja na zege la kuzisimika: 420,000. Tukasema hiyo ya msimu ujao.

Usajili ulituchukua miezi saba, na mitano kati yake ni uzembe wetu. Klabu ya michezo inasajiliwa kwa msajili aliye chini ya Baraza la Michezo la Taifa, lakini safari inaanzia kwa afisa michezo wa halmashauri yako. Unatakiwa uwe na katiba, muhtasari wa mkutano ulioipitisha, na orodha ya wanachama wenye saini zao. Sisi tulichukua katiba ya klabu nyingine, tukabadilisha jina, tukapeleka. Afisa akaifungua ukurasa wa tatu, akaniuliza, "Ninyi mna tawi la wanachama Zanzibar?" Nilitamani ardhi ipasuke. Andikeni katiba yenu, hata ikiwa kurasa sita. Kipengele cha mali za klabu msikiruke. Cha kwetu kilikuwa na mstari mmoja, "jezi na mipira", na uwanja haukutajwa popote.

Ukishasajiliwa unajiunga na chama cha soka cha wilaya, unaanzia daraja la nne. Hapo ndipo nilipokutana na shida ambayo kwa mkoa wa mpakani kama wetu ni nzito kuliko mnavyodhani, nayo ni vyeti. Leseni ya mchezaji inadai utambulisho, na nusu ya kikosi chetu walizaliwa nyumbani, hawana cheti cha kuzaliwa, wakienda kuomba kitambulisho cha taifa wanaulizwa babu wa babu alizikwa wapi. Winga wetu wa kulia, kijana ambaye mama yake namfahamu tangu ananyonyesha, alihangaika mwaka mzima. Anzeni na vyeti kabla hamjaanza na mazoezi.

Sisi hatukuanza navyo, na kosa likazaa kosa. Mechi ya nne tulikuwa na majeruhi watatu, tukamchezesha mamluki kwa leseni ya mtu mwingine. Wazo halikuwa langu, lakini leseni niliipeleka mezani kwa kamisaa kwa mkono wangu mwenyewe, na picha niliiona haifanani. Tulishinda mbili bila. Wapinzani wakakata rufaa, tukanyang'anywa pointi, tukapigwa faini. Lililonichoma ni kipa wetu, mtu mzima kuliko wote pale, kunifuata dukani na kusema taratibu, "Bwana katibu, mechi ile tungeshinda hata tukiwa wachezaji kumi." Hadi leo sina jibu.

Niseme kidogo kuhusu kuchora uwanja, maana hakuna aliyetufundisha. Sheria za mchezo zinaruhusu urefu wa mita 90 hadi 120 na upana wa mita 45 hadi 90. Goli lina mita 7.32 kati ya nguzo na mita 2.44 kwenda juu. Mkaguzi alipokuja na futi yake ya mita 50, goli letu la chini lilikuwa na mita 7.40 na la juu 6.90. Miaka yote hiyo tukiwatukana washambuliaji wetu kwamba wanakosa magoli ya wazi kipindi cha pili!

Pembe za uwanja tulikuwa tukizikadiria kwa macho, na uwanja ukawa umekaa kama sambusa. Fundi mwashi ndiye aliyetuokoa: chukua kamba, pima mita 3 upande mmoja, mita 4 upande wa pili, na kutoka ncha hadi ncha lazima upate mita 5. Ukipata tano, kona yako imenyooka. Duara la kati unachomeka kijiti, unafunga kamba ya mita 9.15, unazunguka nayo.

Chokaa nayo ina hatari zake. Tulinunua ya ujenzi, ya bei rahisi, tukaimwaga nene ili ionekane vizuri. Kiungo wetu akateleza juu ya mstari akiwa na jasho, na usiku paja lake likawa na malengelenge kama ameunguzwa na uji. Chokaa ikilowa inachoma, na ikiingia jichoni si jambo la kusubiri mapumziko; ni maji mengi, palepale, bila kufikicha. Siku hizi tunatumia rangi ya maji ya ukutani iliyozimuliwa sana. Ni ghali kidogo, lakini haijamuunguza mtu.

Msimu wa pili tulipanda kwenda ligi ya mkoa. Nikiri kwamba uwanja wetu ulitubeba. Umelala mashariki na magharibi, jambo ambalo mtaalamu yeyote atakwambia ni kosa, kwa sababu kipa wa goli la juu anatazama ziwani, na jioni jua linamwingia machoni likielekea milima ya Kongo. Sisi tulilifanya mtaji. Kigoma jua linachelewa, huzama karibu na saa moja, nusu saa na zaidi nyuma ya Dar es Salaam. Kwa hiyo tukawa tunaomba mechi ianze saa kumi na nusu, na nahodha wetu akishinda shilingi anachagua kushambulia goli la ziwani kwanza. Kipindi cha pili kipa wa wageni anapanda goli la juu, anaanza kuweka kiganja usoni. Mabao matano ya msimu ule yalikuwa ya mipira mirefu ambayo makipa hawakuiona. Wazee wakasema ufundi umejibu. Mimi nilijua ni jua, lakini nani angenisikiliza?

Mwaka huohuo, 2023, Mashujaa walipanda Ligi Kuu baada ya kuitoa Mbeya City kwenye mechi za mtoano, na Kigoma ikawa na timu ya kutembelewa na vigogo. Furaha ilikuwa kubwa, na kwetu ikaja na hasara yake. Uwanja wetu hauna ukuta. Mapato ni ya kupitisha kofia, na siku nzuri kofia ilirudi na elfu sabini. Siku Mashujaa wakiwa Lake Tanganyika, kofia ilirudi na elfu tisa na kifungo cha shati. Angalieni ratiba ya Ligi Kuu kabla hamjaomba tarehe ya mechi yenu.

Sasa niseme la nguzo.

Tulijua zimeoza. Mchwa walikuwa wameila nguzo ya kushoto ya goli la juu pale inapoingia ardhini, na ukiigonga kwa kiatu ilitoa sauti ya kibuyu. Tuliizungumza kwenye vikao viwili, nami niliandika kwenye muhtasari kwa mwandiko wangu: "Nguzo zibadilishwe, fedha zikipatikana." Fedha zilipatikana. Tukanunua njumu za washambuliaji wawili na kukodi Fuso la mechi ya Kasulu.

Ilikuwa Novemba, mvua zimeanza, udongo unateleza kama sabuni ya mawese. Mazoezi yalikuwa yamekwisha, wakubwa wamekaa chini ya mwembe, watoto wameingia uwanjani kama kawaida yao. Mmoja wa miaka kumi akarukia mtambaa panya akaning'inia. Sikuiona ikianguka. Nilisikia mlio wa kuni kavu, halafu watoto wote wakanyamaza kwa pamoja, na kimya cha watoto ishirini sitamani kukisikia tena.

Mti ulimpiga begani. Ungempiga kichwani nisingekuwa naandika haya. Tulimbeba kwenye pikipiki, mimi nyuma nimempakata, na njia nzima aliniuliza swali moja, kama mama yake atampiga. Mfupa wa mtulinga ulikuwa umevunjika. Picha, dawa, kufungwa bega na safari za kurudi kliniki vilifika 130,000. Ilikuwa pungufu ya hela ya ufundi kwa elfu ishirini. Hesabu hiyo niliipiga nikiwa nimekaa kwenye benchi la hospitali, na tangu siku hiyo haijanitoka.

Mama yake alifika na khanga za sokoni, ana harufu ya dagaa aliokuwa anaanika. Hakupiga kelele.

"Kaka katibu, mlijua kwamba ule mti umeoza?"

Nilikuwa na maneno tayari, ya mchwa, ya mvua, ya watoto wasiosikia. Yakakauka.

"Tulijua, dada."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana."

Alimfunika mtoto vizuri. "Haya. Kesho uje na hela ya picha." Hakuniambia neno lingine usiku ule wote.

Nguzo za chuma zilisimama ndani ya siku tisa. Ajabu, ile laki nne iliyokosekana misimu miwili ilipatikana kwa simu za jioni moja. Wenye kujenga magoli, sikieni: chuma peke yake si dawa. Goli lisilosimikwa, lile la kubebwa, ni hatari kuliko la mti, maana lina uzito na linapinduka mbele. Shimo liwe la goti na zaidi, zege likauke siku zake kabla mtu hajapiga shuti, na kwenye miguu ya goli paka lami ya kuzuia kutu. Msiache ndoano za chuma za kufungia nyavu. Tumieni kamba, maana pete na vidole hunasa humo.

Nilidhani baada ya hapo tumemaliza mtihani. Septemba 2024, asubuhi ya Jumanne, kijana mmoja alinigongea dukani. "Katibu, kuna bikoni uwanjani." Nikadhani utani. Nilikuta vipande vinne vya zege, alama za mpaka wa kiwanja, vimechimbiwa upande wa mwembe, kimoja ndani kabisa ya mstari wetu wa pembeni. Kuna mtu alikuwa na karatasi za kiwanja.

Vijana walikuja na sululu. Aliyewazuia ni mzee wetu wa msikitini, ambaye mpira wenyewe hautazami. "Ukiing'oa hiyo, kesi inageuka. Leo wewe ndiye unayedai, kesho wewe ndiye mshtakiwa." Alikuwa sahihi. Kung'oa alama ya upimaji ni kosa la jinai, na kuna mitaa imepoteza haki yake kwa hasira ya dakika tano. Pigeni picha, andikeni tarehe, muacheni mwenye bikoni zake azieleze.

Kisha nikaenda kutafuta mchoro wa mipango miji wa eneo letu. Hapo ndipo niliposhika kichwa. Uwanja ulikuwemo kwenye mchoro, umeandikwa ni eneo la wazi la michezo, lakini mpaka wake haukuwa pale tulipodhani. Upana wa kwenye karatasi ulikuwa mita 49. Sisi miaka yote tulikuwa tunatumia 58. Mwembe wetu, jukwaa, ofisi, vyote vilikuwa nje ya mstari. Yule mtu hakuwa ameiba uwanja. Alikuwa amepima cha kwake, akapitiliza mita mbili tu kwa juu.

Mkutano wa mtaa ulifanyika Oktoba. Watu walisema mengi, wengine walilia kuhusu mwembe. Aliyenyamazisha mkutano ni mama wa yule mtoto. Alisimama nyuma akasema, "Kabla hamjaniambia niupiganie uwanja, nani atakuwa anakagua magoli, na siku gani?" Mwenyekiti wa mtaa akacheka kidogo, mama hakucheka. Ikabidi tuandike palepale: kila Ijumaa, katibu na kipa. Ndiyo ajenda pekee ya mkutano ule iliyotekelezwa hadi leo bila kukosa wiki.

Mwenyekiti alituahidi kwa mdomo kwamba zile mita mbili zitarudi na kwamba ataandika barua ya kuomba uwanja uwekewe bikoni zake wenyewe. Tukamshukuru, tukaenda nyumbani. Novemba 27, 2024 ukaja uchaguzi wa serikali za mitaa, akaja mwenyekiti mpya, na ahadi ikaondoka na wa zamani. Yule mpya si mtu mbaya, aliniuliza tu, "Muhtasari uko wapi, kaka?" Haukuwepo. Mimi, mwenye mashine ya kopi, sikuwa nimeomba nakala ya muhtasari wa mkutano unaohusu uwanja wangu mwenyewe.

Tukaanza upya. Safari hii kila kikao natoka na nakala yenye muhuri, nyingine inabaki kwa mtendaji wa mtaa, ya tatu kwa mwenyekiti wetu wa klabu. Mita mbili zilirudi Machi 2025, kwa maandishi, baada ya mpimaji kurudia kazi. Mwembe ulikatwa Aprili. Nilifunga duka siku hiyo nikaenda kutazama, sijui kwa nini. Uwanja sasa tumeuchora kwa mita 46, tukabakiza mita moja na nusu kila upande ya mtu kupita na mshika kibendera kukimbia. Mita moja juu ya kiwango cha chini cha sheria. Mawinga wetu wanalalamika hawana pa kukimbilia, kocha amehamia mfumo wa viungo wengi, na wageni wanasema tumejenga korido. Jua halijahama.

Upande wa ziwani, ndani ya mpaka, tumepanda miti kumi na minne. Mmoja tayari umeliwa na mbuzi. Katiba tumeirekebisha, uwanja una kipengele chake, na fungu la "ufundi" halipo tena kwenye daftari, ingawa nasikia kuna wachezaji wanachangishana pembeni. Hilo sikuliweza.

Bikoni za uwanja wenyewe bado. Barua iko kwenye ofisi moja mjini, huu ni mwezi wa nne. Jumatatu nitapita tena kabla sijafungua duka. Mchoro nautembeza ndani ya mfuko wa nailoni, maana mvua zimekaribia.